Jinsi ya kuiagiza akili mnemba ikakupa unachokitaka

Watu wawili wanaweza kutumia programu ileile kwa kazi ileile, mmoja akapata barua anayoweza kuituma baada ya kugusa maneno mawili matatu, mwingine akapata maneno mengi ambayo hayamhusu hata kidogo. Mara nyingi kilichowatofautisha ni sentensi walizoandika kwenye kile kisanduku kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetumia ChatGPT, Gemini, Claude, Copilot au nyingine za aina hiyo kwa mambo ya kila siku: barua, masomo, kumbukumbu za vikao, hotuba, mahesabu ya ofisi. Hauhitaji utaalamu wa kompyuta. Unahitaji subira kidogo na utayari wa kusema jambo likakamilika.

Kwa nini jibu huja la jumla jumla

Tuanze na kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kukariri hatua zote. Programu hizi zimejengwa juu ya modeli za lugha, na karibu zote zinatumia muundo uitwao transfoma, uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Modeli hulishwa maandishi mengi mno, ikajifunza kukisia: baada ya maneno haya, ni kipande gani cha neno kinachoelekea kufuata? Baadaye hufunzwa pia kutii maelekezo na kujibu kwa namna inayowapendeza watu. Msingi lakini unabaki uleule. Inasoma ulichoandika, kisha inakiendeleza kwa kile kinachoelekea zaidi.

Kwa hiyo kila pengo unaloliacha kwenye agizo hujazwa na kitu cha kawaida kuliko vyote. Usiposema barua inakwenda kwa nani, itaandikwa kwa mtu yeyote. Usiposema urefu, utapewa urefu wa wastani. Usiposema unachokijua tayari, utaanziwa na alifu kwa ujiti. Modeli haioni meza yako, haimjui mkuu wako wa kazi, wala haijui kwamba mambo haya mlishayazungumza jana. Kuandika agizo zuri, au prompti kama wengi wanavyoiita, ni kuyatafuta mapengo hayo na kuyajaza mwenyewe. Yote yanayofuata ni njia za kufanya hivyo.

Hatua ya 1: Jua jibu litakwenda wapi

Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize: jibu likishakuja nitalifanyia nini? Nani atalisoma, na nataka afanye nini baada ya kulisoma?

Chukua mtu anayeomba "muhtasari wa ripoti hii". Huenda anautaka ili aamue kama ripoti nzima inafaa kusomwa. Huenda anatakiwa kumweleza mkuu wake kwa dakika mbili. Huenda anajiandaa kuuliza maswali kikaoni. Wa kwanza anatosheka na kujua ripoti inahusu nini na inafikia uamuzi gani. Wa pili anataka pendekezo, gharama yake na nani atakayebeba jukumu. Wa tatu anataka kuonyeshwa mahali hoja zilipolegea. Muhtasari wa aina moja hauwezi kuwafaa wote watatu, na modeli haina njia ya kujua yupi kati yao ndiye wewe.

Swali hili lisipokuwa na jibu kichwani mwako, hakuna ufundi wa maneno utakaoliziba. Ndiyo maana siwashauri watu kununua zile orodha za mamia ya maagizo yaliyokwisha tayarishwa. Aliyeyaandika hakujua jibu lako litakwenda wapi.

Hatua ya 2: Agiza kwa kitenzi

"Nisaidie na wasifu wangu wa kazi" haisemi nini kifanyike. Atakayeandika hivyo atapata ushauri wa jumla kuhusu wasifu wa kazi. Taja kitendo: fupisha, hakiki, linganisha, panga upya, tafsiri, tafuta makosa, eleza, pendekeza. Kwa mfano: "Hakiki wasifu huu nilioubandika hapa chini, unionyeshe sehemu tatu ambazo mwajiri anayetafuta mhasibu ataziona dhaifu, na useme kwa nini." Vitendo vikiwa viwili au vitatu, sema kipi kinatangulia.

Hatua ya 3: Eleza hali yako kama ilivyo

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo watu wengi wanapopita haraka. Tuone mfano. Mpangaji anaandika:

"Niandikie barua ya kumwomba mwenye nyumba atengeneze paa linalovuja."

Atapata barua safi kisarufi, yenye nafasi tupu za kujaza jina na tarehe, inayosema paa limekuwa "changamoto kubwa" na kuomba "hatua za haraka". Inaweza kuwa ya mpangaji yeyote duniani. Sasa mtu yuleyule aandike anayoyajua yeye na ambayo modeli haiwezi kuyajua:

"Mimi ni mpangaji, nimekaa kwenye nyumba hii miaka minne na sijawahi kuchelewesha kodi. Paa la chumba cha watoto linavuja tangu mvua za mwezi uliopita. Nimemweleza mwenye nyumba kwa mdomo mara mbili, akaahidi kumleta fundi, na fundi hajaja. Mkataba wetu, kifungu cha 6, unasema matengenezo ya paa ni juu yake. Ni mzee ninayemheshimu na sitaki tugombane, lakini safari hii nataka anipe tarehe kamili. Niandikie barua ya kumwomba hivyo. Itasomwa na yeye pamoja na mwanawe anayemsaidia kusimamia nyumba. Isizidi maneno 150. Ianze kwa salamu ya heshima, itaje kifungu cha mkataba bila kutishia, na iishie kwa kuomba jibu la maandishi ndani ya siku saba."

Hakuna neno la kitaalamu humo. Ni maelezo ambayo mtu angempa rafiki yake anayejua kuandika. Lakini tazama kila sentensi ilivyoziba pengo. Miaka minne ya kulipa kwa wakati inampa mpangaji msimamo wa kuombea. Kuahidiwa mara mbili kunaeleza kwa nini sasa ameamua kuandika. Chumba cha watoto kinaonyesha uzito wa jambo bila kulitia chumvi. Mwana anayesimamia nyumba anaifanya barua ieleweke hata kwa mtu ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo ya awali.

Sentensi yenye thamani kuliko zote ni ile ya katikati: "Ni mzee ninayemheshimu na sitaki tugombane, lakini safari hii nataka anipe tarehe kamili." Hapo pana mambo mawili yanayovutana, heshima upande huu na msimamo upande ule. Karibu kila kazi ngumu ya maandishi ina mvutano wa namna hiyo. Unataka kukataa mwaliko bila kumuumiza aliyekualika. Unataka kumkosoa mwanafunzi lakini asikate tamaa. Unataka kuomba nyongeza ya mshahara na hutaki uonekane unatishia kuondoka. Modeli isipoambiwa mvutano huo itachagua upande mmoja, kwa kawaida ule wa upole uliopitiliza, na utapata barua ya kubembeleza ambayo haiombi chochote. Ukibaki na dakika moja tu ya kuandika agizo, itumie kusema unachokitaka na unachokiogopa.

Usiogope urefu. Agizo la mistari kumi linalosema mambo ya kweli ni bora kuliko la mstari mmoja lililosukwa kwa ustadi. Kama kuandika kunakuchosha, programu nyingi za simu zina kitufe cha kuongea: eleza jambo lako kwa sauti, hata likitoka bila mpangilio, kisha malizia kwa kusema unataka nini. Mpangilio modeli itauweka yenyewe. Kile isichoweza kukiweka ni ukweli wa hali yako.

Neno moja kuhusu mtindo wa kuanza na "Wewe ni mwanasheria bingwa mwenye uzoefu wa miaka 30". Mtindo huo hubadilisha msamiati na sauti ya jibu, na kwa kazi fulani hilo linafaa. Lakini hauongezi ujuzi ambao modeli haikuwa nao. Binafsi naona kumtaja msomaji kunaleta tofauti kubwa kuliko kumpa modeli cheo. "Mweleze mtu ambaye hajawahi kusoma mkataba wa mkopo" inaelekeza jibu vizuri kuliko "wewe ni mtaalamu wa fedha".

Hatua ya 4: Sema umbo la jibu na aina ya Kiswahili

Umbo ni jambo la haraka. Taja urefu kwa maneno au kwa aya. Sema kama unataka jedwali, orodha au maelezo yanayotiririka. Sema kipi kianze: "Anza na jibu lenyewe, sababu zifuate." Na pale unapoweza, taja unachokitaka badala ya unachokikataa. "Andika kwa aya tatu zinazoungana" inashika vizuri kuliko "usiweke orodha", kwa sababu amri ya pili inaacha wazi nini kiwekwe badala yake.

Lugha inahitaji muda zaidi. Modeli hizi zimesomeshwa Kiingereza kwa wingi kuliko lugha nyingine yoyote, na Kiswahili ni sehemu ndogo ya maandishi zilizolishwa. Matokeo yake unayasikia: maneno ni ya Kiswahili lakini mifupa ya sentensi imetoka kwingine. "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima." "Hapa kuna vidokezo vitano." "Katika ulimwengu wa leo unaokwenda kasi." Ukiyaacha maneno hayo kwenye barua yako, msomaji atajua mara moja kwamba si wewe uliyeandika.

Yapo mambo manne yanayosaidia. La kwanza ni kubandika aya moja uliyoiandika mwenyewe na kusema: "Andika kwa sauti hii." Aya hiyo itafanya kazi kubwa kuliko sifa kumi kama "kirafiki", "fasaha" na "cha kuvutia", ambazo kila mtu anazielewa kwa namna yake.

La pili, taja jinsi watu wanavyoitana. Kiswahili kinabeba heshima kwenye salamu na kwenye majina ya kuitia, na modeli ikikosea hapo barua nzima inachacha. "Muamkie kwa shikamoo, mwite Mzee, usimwite Bwana wala Mpendwa." Vivyo hivyo kwa tangazo: sema kama unazungumza na mtu mmoja au na kundi, la sivyo utakuta "wewe" na "ninyi" vikipishana ndani ya aya moja.

La tatu, ipe maneno ya fani yako. Kila ofisi na kila darasa lina istilahi zake, na modeli inaweza kukuundia neno ambalo hakuna anayelitumia. Andika orodha fupi: "Tumia maneno haya kama yalivyo: stakabadhi, marejesho, riba, mdhamini."

La nne huja baada ya jibu. Iambie modeli hivi: "Soma upya ulichoandika. Onyesha sentensi zinazosikika kama tafsiri, kisha uziandike kama mtu anavyozizungumza." Mara nyingi modeli huweza kuutambua ubaya wa sentensi ambayo dakika moja iliyopita iliiandika yenyewe.

Je, ni bora kuagiza kwa Kiingereza? Kwa maswali magumu ya kitaalamu, modeli nyingi bado hujibu vizuri zaidi kwa Kiingereza, na kama unakimudu hakuna ubaya kukitumia, kisha ukaomba jibu kwa Kiswahili. Lakini kwa barua, hotuba, maelezo ya familia na mambo yenye hisia, agiza kwa lugha unayofikiria. Kiingereza cha kubahatisha huongeza mapengo, na sasa hata wewe hutajua yako wapi.

Hatua ya 5: Onyesha mfano badala ya kueleza

Mwaka 2020 watafiti wa OpenAI, kampuni inayotengeneza ChatGPT, walionyesha kwamba modeli yao ya GPT-3 iliweza kufanya kazi mpya kwa kuonyeshwa mifano michache ndani ya agizo, bila kufunzwa upya. Jambo hilo bado ni kweli, na ndilo la kukimbilia kila unapokuwa na kazi ya kujirudia.

Tuseme una maoni 200 ya wateja unayotaka kuyapanga. Unaweza kuandika ukurasa mzima wa kanuni, au ukaandika hivi:

"Panga maoni nitakayobandika kwa kufuata mifano hii.
Maoni: Mzigo ulifika umevunjika. Aina: usafirishaji. Haraka: ndiyo.
Maoni: Rangi ni nzuri kuliko kwenye picha. Aina: sifa. Haraka: hapana.
Maoni: Bidhaa nzuri, ila nimekatwa pesa mara mbili. Aina: malipo. Haraka: ndiyo."

Mfano wa tatu umewekwa makusudi. Una sifa na malalamiko pamoja, na unaifundisha modeli ipi kati ya hizo mbili inashinda. Mifano mepesi peke yake haifundishi mipaka, na mipaka ndiyo inayosumbua. Kumbuka pia kwamba modeli huiga kila kitu: urefu wa mifano yako, alama za uandishi, hata makosa ya tahajia. Isafishe kabla ya kuibandika.

Hatua ya 6: Ukiipa nyaraka, itenge na agizo

Unapobandika barua, mkataba au kumbukumbu za kikao, weka mpaka unaoonekana. Andika "MWANZO WA KUMBUKUMBU" na "MWISHO WA KUMBUKUMBU" juu na chini ya maandishi, ili modeli isichanganye maneno yaliyomo kwenye waraka na maneno yako wewe. Waraka ukiwa mrefu, uweke kwanza, agizo lifuate mwishoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, ulionyesha kwamba modeli za wakati huo zilitumia vizuri habari zilizo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu, na kuzisahau zilizo katikati. Modeli za sasa zimeboreka, lakini kama jambo lako muhimu liko ukurasa wa 30 wa kurasa 60, ni busara kuinakili sehemu hiyo peke yake na kuuliza juu yake.

Kisha ongeza sentensi hii, ambayo naiona ni ya lazima katika kila kazi ya nyaraka: "Tumia maandishi haya peke yake. Kama jibu halimo, sema halimo. Kwa kila unalolitaja, ninukulie sentensi ulikolitoa." Usipoifungulia modeli mlango wa kusema "halimo", itatafuta cha kusema, maana ndiyo kazi iliyofunzwa kuifanya. Na nukuu zinakupa njia ya kuhakiki kwa kutafuta maneno yaleyale kwenye waraka wenyewe.

Hatua ya 7: Kazi kubwa ivunjevunje

Mei 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Google waliijaribu modeli moja kwa kuiongezea sentensi fupi inayoiambia ifikirie hatua kwa hatua. Kwenye seti moja ya maswali ya hesabu, majibu sahihi yalipanda kutoka asilimia 17.7 hadi asilimia 78.7. Ilipoandika njia yake, kila hatua iliisaidia kukisia hatua inayofuata kwa usahihi zaidi.

Modeli nyingi mpya hufanya hivyo zenyewe kabla ya kujibu, kwa hiyo sentensi ile haina tena nguvu iliyokuwa nayo. Kilichobaki na faida ni wewe mwenyewe kuigawa kazi. Hotuba ya dakika kumi usiiombe kwa pigo moja. Omba kwanza mawazo makuu matatu, uyakubali au uyakatae. Omba mpangilio. Kisha omba sehemu moja moja. Kosa likitokea kwenye mpangilio utaliona likiwa dogo, kabla halijaenea kwenye kurasa nne.

Hatua ya 8: Jibu la kwanza ni rasimu

Watu wengi huandika agizo, wakapata jibu lisilowaridhisha, wakafunga programu. Kumbe kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mwambie palipokosewa, na uwe mahususi. "Iboreshe" haisemi kitu. Modeli itabadilisha maneno na kuongeza vivumishi. "Aya ya pili inamsifu kupita kiasi, ondoa sifa hizo. Ombi la tarehe lipande lije aya ya kwanza. Zilizobaki usiziguse" ni maelekezo anayeweza kuyafuata mtu, na modeli pia.

Yapo maagizo mawili ninayoyapenda kuliko mengine yote. La kwanza hutumika mwanzoni, wakati hujui hata ueleze nini: "Kabla hujaandika chochote, niulize maswali matano ambayo majibu yake yatabadilisha barua hii." Hapo unaigeuza modeli ikusaidie kuyaona mapengo yako mwenyewe. Kwa mtu anayeanza kujifunza, sijui njia ya haraka kuliko hii; baada ya kuulizwa mara kadhaa utaanza kuyajibu maswali hayo kabla hayajaulizwa.

La pili hutumika unapotaka ushauri wa kweli. Modeli zina tabia ya kukubaliana na mtumiaji na kumsifu. Aprili 2025 OpenAI walilazimika kuliondoa toleo jipya la GPT-4o, modeli iliyokuwa ikitumika kwenye ChatGPT, siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa likiwasifia watu hata kwenye mawazo mabaya. Toleo lile liliondolewa, lakini tabia yenyewe haijaisha kabisa katika modeli yoyote. Basi usiulize "Mpango wangu ni mzuri?" Andika: "Mpango huu umeandikwa na mtu mwingine na ninatakiwa kuamua kama niuidhinishe. Nipe sababu tatu zenye nguvu za kuukataa, na useme ni ushahidi gani ungezibatilisha." Ukijitoa kwenye umiliki wa wazo, modeli haina tena wa kumpendeza.

Mazungumzo yakishavurugika, na modeli inarudia kosa ulilolisahihisha, usiendelee kuvutana nayo. Makosa yote ya awali bado yamo kwenye maandishi inayoyasoma kila inapojibu, na yanaendelea kuivuta. Fungua mazungumzo mapya, andika agizo moja lenye yote uliyojifunza kwenye yale ya kwanza. Agizo hilo la pili karibu kila mara huwa zuri kuliko la mwanzo.

Hatua ya 9: Hakiki nje ya programu

Kwa kuwa modeli inakisia kinachoelekea kufuata, inaweza kukisia jina la kitabu kisichokuwepo kwa urahisi uleule inavyotaja kilichopo. Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hati yenye kesi za kubuni zilizotolewa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu hiyohiyo kama kesi moja ni ya kweli, nayo ikamhakikishia kuwa ni ya kweli. Kuiuliza modeli "una uhakika?" si kuhakiki. Kuhakiki ni kwenda kwenye chanzo: fungua kiungo usome ukurasa wenyewe, tafuta kifungu kwenye sheria, rudia hesabu kwenye lahajedwali au kikokotoo.

Kadiri madhara ya kosa yanavyokuwa makubwa, ndivyo uhakiki unavyopaswa kuwa mkali. Kichwa cha habari cha jarida la shule kinahitaji jicho lako tu. Kipimo cha dawa, tarehe ya mwisho ya kukata rufaa na mzigo utakaobebwa na nguzo ya jengo vinahitaji mtu mwenye ujuzi, na hapo akili mnemba ikusaidie kutayarisha maswali ya kumuuliza.

Na kabla ya kubandika chochote, kisome kwa jicho la mwenye siri. Namba za vitambulisho, manenosiri, taarifa za afya za mtu mwingine na nyaraka za ofisi ambazo hukuruhusiwa kuzitoa visiingie humo. Badilisha majina yawe "Mteja A" na "Mteja B". Jibu halitapungua ubora. Ingia pia kwenye mipangilio ya programu unayoitumia, uangalie kama mazungumzo yako yanatumika kuifunza modeli na kama unaweza kuzima.

Hatua ya 10: Tunza maagizo yaliyokufaa

Agizo lililokupa jibu zuri ni mali. Linakili kwenye faili au kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu, ukiacha nafasi za mambo yanayobadilika. Hili hapa la kuanzia, kwa barua yoyote yenye uzito:

"Mimi ni ……, namwandikia ……, ambaye uhusiano wetu ni ……. Kilichotokea hadi sasa ni ……. Nataka baada ya kusoma afanye ……. Naogopa barua isije ika……. Muamkie kwa …… na umwite ……. Isizidi maneno ……. Andika kwa sauti ya aya hii niliyoiandika mwenyewe: ……. Kama kuna jambo unalolihitaji ili uandike vizuri, niulize kwanza."

Nafasi usiyoweza kuijaza ndiyo pengo lako. Ishughulikie hiyo kabla ya kutuma. Baada ya miezi michache lipitie tena faili lako. Modeli hubadilishwa mara kwa mara, na sentensi uliyoiongeza ili kukwepa udhaifu wa modeli ya zamani yaweza kuwa mzigo kwa mpya. Jaribu kuifuta sentensi hiyo, tuma agizo, linganisha majibu mawili, kisha hifadhi agizo lililo fupi kati ya yale yanayofanya kazi sawa.